Jicho la Mkwe

Mele aliingia katika chumba cha vipimo akiwa amejifunika uso kwa ncha ya kitenge, na Chilewa akatambua kabla hajaambiwa neno kwamba kuna jambo limeharibika.

"Funua uso, Mele."

"Dada, niahidi kwanza kwamba hutanikaripia."

"Leo ndiyo siku ya shangazi yako kuona. Funua!"

Kitenge kilishuka. Macho yote mawili ya binamu yake yalikuwa mekundu kama pilipili iliyoiva. Kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo, na michirizi myeusi ilishuka hadi mashavuni.

"Umepaka wanja."

"Kidogo tu."

"Wanja wa nani?"

"Wa jirani. Wangu umekwisha." Mele akashusha sauti. "Yeye naye macho yalikuwa yakimwasha, lakini alisema ni vumbi."

Chilewa alimkalisha mbele ya taa ya kukuzia, akamwekea kidevu mahali pake, akachungulia. Hakuhitaji kuchungulia kwa muda mrefu.

"Lakini kwa nini, Mele? Mama atakuwa anatazama kupitia macho yako. Hawezi kuziona kope zako!"

"Nilipanga kusimama mbele ya kioo," Mele alisema kwa unyonge. "Ningejitazama, naye angeniona. Nilitaka anione nimependeza."

Chilewa alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Badala yake alifungua kabati la dawa. "Haya ni maambukizi. Yakitibiwa yatapona, lakini yanaruka kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Utatumia matone haya mpaka chupa iishe, hata ukiona umepona. Utanawa mikono kila ukigusa uso. Taulo lako asilitumie mwingine. Wanja huo utupwe. Na usithubutu kuweka maziwa ya mama wala maji ya majani."

"Jirani alikuwa ameshaanza kutafuta mama anayenyonyesha."

"Mwambie aache kutafuta, na yeye mwenyewe aje hapa nimpime."

"Na shangazi je?"

Chilewa alikuwa ameshatoka nje.

*

Bibi Mbeleje, mama yake Chilewa, alikuwa amepoteza uoni mara mbili katika maisha yake.

Mara ya kwanza ulikuwa mtoto wa jicho. Lenzi iliyomo ndani ya macho yake ilififia polepole kama kioo cha kandili kilichopata moshi. Daktari Masima, bingwa wa upasuaji katika Kituo cha Macho cha Chilunguru, aliiondoa lenzi hiyo na kuweka nyingine safi, jicho moja kisha la pili. Bandeji ilipofunguliwa, Bibi Mbeleje aliwataja kwa majina kuku waliokuwa uani, akacheza ngoma peke yake mbele ya wagonjwa.

Mara ya pili ilikuwa glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Huo si ugonjwa wa lenzi. Maji yaliyomo ndani ya jicho hukosa njia ya kutoka, mgandamizo hupanda, na mshipa unaopeleka habari za nuru kwenye ubongo hufa nyuzi kwa nyuzi. Mara nyingi hauumi. Huanza kula pembeni, kama moto unavyotafuna kingo za shamba huku mwenye shamba amelala katikati. Chilewa ndiye aliyeugundua, kwa sababu kazi ya mtaalamu wa optometria haiishii kwenye kupima miwani. Yeye ni mlinzi wa mlangoni, anayemtambua adui mapema na kumpeleka mgonjwa kwa bingwa. Alimpa mama yake matone ya kutumia kila jioni kwa maisha yote. Bibi Mbeleje aliyatumia mpaka chupa ya kwanza ilipokwisha, kisha akasema jicho haliumi, na isitoshe lilishapasuliwa. Alidhani ugonjwa ni uleule. Kila mara Chilewa alipouliza juu ya matone, alijibiwa kwamba yapo.

Mshipa uliokufa ulikuwa haufufuliwi. Ndivyo vitabu vyote vya Chilewa vilivyosema, mpaka kizazi hiki kilipokuja na mshipa mchanga.

Waliuotesha kutoka kipande cha ngozi ya mkono wa Bibi Mbeleje mwenyewe, kwenye chupa yenye joto la mwili, na Daktari Masima akaupandikiza nyuma ya jicho la kulia. Sasa mshipa ulikuwa hai, lakini ulikuwa haujui kitu. Kama mtoto mchanga, ulihitaji kufundishwa lipi ni giza na lipi ni nuru, upi ni mti na upi ni mtu. Kwa hiyo mtu mwenye macho mazima huvalishwa taji la nyaya nyembamba, mgonjwa naye huvalishwa la kwake, na kile anachokiona mwalimu hupita hewani mpaka kwenye mshipa wa mwanafunzi.

Si kila mtu anaweza kuwa mwalimu. Jicho la binadamu, hata likikodolea kitu kimoja, hutetema kidogo sana, na kila jicho lina mtetemo wake. Mtetemo wa mwalimu usipolingana na wa mwanafunzi, mshipa hukataa somo. Familia nzima ilikuwa imepimwa.

"Waliolingana walikuwa wawili tu," alisema Daktari Masima baada ya kusikia habari za wanja. Alikuwa mtu mrefu, mpole, ambaye alikunja mikono yake kila alipofikiri, kana kwamba anaiwekea akiba kwa ajili ya upasuaji. "Mele ndiye wa kwanza. Siwezi kumvalisha taji mwenye maambukizi, kwa sababu mwishowe atakaa uso kwa uso na mgonjwa. Mshipa mchanga ukipata wadudu, tumeuua."

"Tukisubiri apone?"

"Mshipa usipopata nuru leo, jua likizama utakuwa umeanza kukauka. Wewe unajua. Na ngozi ya mzee haitoi mshipa wa pili."

"Na aliyelingana wa pili ni nani?"

Daktari aliikunjua mikono. "Mume wako."

Chilewa akakaa chini.

Kwa watu wao, mkwe wa kiume hamtazami mama wa mke wake usoni, naye mama hamtazami mkwe. Wakikutana njiani, mmoja hushika upande wa mizabibu na mwingine upande wa mawe. Hawatajani majina wala hawasemeshani moja kwa moja. Heshima hiyo huanza siku ya posa na huendelea mpaka kaburini, na Bibi Mbeleje alikuwa ameitunza kuliko wote. Siku walipopimwa, alisikia kwamba hata mkwe wake, baba Seche, atapimwa, akacheka: "Mpimeni apendavyo. Lakini mkiniletea jicho lake, nirudishieni giza langu."

"Sheria inasema mgonjwa alitaje jina la mwalimu wake kwa kinywa chake," Daktari Masima aliendelea. "Kwenye mashine tayari lipo jina la Mele. Mimi ni mtu wa kisu, Chilewa. Anayechukua ridhaa katika kituo hiki ni wewe."

*

Ndahani, mume wa Chilewa, alikuja moja kwa moja kutoka shambani, mikono ikinuka majani ya mizabibu. Chilewa alimvuta nyuma ya tangi la maji, akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Kwa hiyo hawezi kukubali," Ndahani alisema.

"Hatutamuuliza."

Mumewe alimtazama.

"Jina la Mele lipo kwenye mashine. Mama anajua kwamba mwalimu ni Mele. Wewe utavaa taji, utanyamaza, utatembea na kutazama vitu. Basi!"

"Na kuachishwa?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Somo la mwisho huitwa kuachishwa, kama mtoto anavyoachishwa ziwa. Mwalimu na mwanafunzi hukaa wakitazamana. Jicho la kuazima humwonyesha mwanafunzi uso wake mwenyewe. Jicho lake halisi humwonyesha uso wa mwalimu. Ubongo unajua kwamba hakuna mtu anayejiona akiwa amekaa mbele yake, kwa hiyo huikataa picha ya kuazima na kuikumbatia iliyo yake. Asipoachishwa, mshipa hung'ang'ania nuru ya mwenzake, na taji likivuliwa hufa.

"Atauona uso wa mwanamume," Ndahani alisema.

"Tutasema Mele alichoka, akapokelewa na muuguzi." Chilewa aliongea harakaharaka. "Mama hajawahi kukuona usoni, baba Seche. Hawezi kukutambua."

Ndahani alichambua kipande cha jani kilichonasa kwenye ukucha.

"Miaka yote hii nimemficha uso wangu kwa heshima," alisema hatimaye. "Sasa heshima hiyohiyo ndiyo tutakayoitumia kumdanganya?"

"Ni macho, Ndahani! Unataka afe gizani kwa ajili ya desturi?"

"Sijasema nakataa. Jicho nitampa, hata ukitaka kulitoa, litoe. Nauliza jambo moja tu. Atakapopona, atakaa uani kwake aone watu wanapita. Nami nitapitia wapi? Atasema, yule muuguzi anafanya nini shambani kwa binti yangu?"

"Tutalifikiria hilo baadaye."

"Haya," alisema. "Wewe ni mtoto wake. Utakalomwambia, nitalifuata."

*

Bibi Mbeleje alikuwa ameketi kitandani na taji kichwani, amenyooka kama bibi harusi.

"Mbukwa, mama," Chilewa alimwamkia.

"Mbukwa. Mbona unahema? Mwambie Mele anianzishie na mlima. Kisha mizabibu. Kisha mjukuu wangu Seche, nimwone kama kweli amerithi pua yetu au ni maneno ya kunifurahisha. Halafu nataka kuiona sufuria ya mlenda unaonipikia, kwa sababu siku hizi nahisi kuna mchanga."

"Hamna mchanga, mama."

"Tutaona! Leo tutaona kila kitu!" Alicheka, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa bintiye. "Daktari aliniuliza kama naogopa. Nikamwambia, sindano, kisu na nyaya zote sizijui, lakini mwanangu anazijua, na akisema hiki ni cheupe, mimi napokea cheupe. Haya, Mele yuko wapi? Mbona hajanisalimu?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Mele ana mafua, anaogopa kukuambukiza, yuko chumba cha pili. Chilewa aliliandaa neno kwa neno alipokuwa akipanda ngazi. Lakini kidole gumba cha mama yake kilikuwa kikimpapasa kiganja, taratibu, kama mtu anayesoma kwa ngozi, na Chilewa alihisi kwamba akisema neno hilo atakuwa amemwekea mama yake lenzi chafu isiyoweza kutolewa na kisu chochote.

"Mele ameugua macho. Hatakuwa mwalimu wako," alisema. "Amebaki mmoja tu, mama. Ni baba Seche. Nilikuwa nimekuja kukudanganya."

Mkono ulichomoka.

Bibi Mbeleje akauficha chini ya shuka.

"Ungenidanganya mpaka lini?"

"Sijui."

"Siku ambayo ningejua," Bibi Mbeleje alisema polepole, "ningeyafumba macho haya nisiyafumbue tena. Si kwa sababu yake. Kwa sababu yako." Akageuza uso kuelekea dirishani, ambako hakuona kitu. "Yuko wapi?"

"Nje ya mlango."

"Ondoka hapo katikati." Bibi Mbeleje akajiweka sawa, akaita kwa sauti: "Wewe mlango!"

Ikaja sauti ya Ndahani kutoka nyuma ya mlango, ya chini: "Mlango unasikia, mama."

"Mlango, muulize huyo mtu kama amekuja mwenyewe, au amekokotwa na mke wake kama beberu."

"Mlango, mwambie mama kwamba nimekuja mwenyewe. Kukokotwa nako kulikuwapo kidogo."

Mdomo wa Bibi Mbeleje ulicheza. "Muulize anaogopa nini, maana namsikia anavyopumua."

"Mwambie naogopa kwamba nikimtazama leo, kesho sitajua mahali pa kuweka macho yangu nyumbani kwake."

"Naye mlango amjibu kwamba hata mimi naogopa hilohilo." Akaliweka sawa taji kichwani, na sauti yake ikatulia. "Mama yangu alinifundisha kwamba mkwe ni mgeni asiyeondoka, na kwamba macho yasipowekewa umbali, mgeni na mwenyeji watachokana. Ni neno la busara. Lakini heshima hii, mlango, ni ya nani? Nimepewa mimi. Kwangu mimi ndiko inakoletwa. Na mwenye mali ndiye anayejua siku ya kuigawa. Nilisema nirudishiwe giza langu nikiwa na uhakika wa Mele. Ni rahisi kukataa chakula cha jirani wakati chako kiko jikoni." Akageukia upande wa bintiye. "Lete hicho kidude cha ridhaa. Niseme nini?"

"Useme jina la mwalimu wako, mama. Jina lenyewe."

Bibi Mbeleje aliweka kiganja juu ya kibao cha ridhaa. Midomo yake ilijaribu mara moja ikashindwa, ikajaribu tena.

"Mwalimu wangu," alisema, "ni Ndahani."

Nyuma ya mlango kitu kiligonga ukuta. Baadaye Ndahani alieleza kwamba kilikuwa kichwa chake.

*

Jua lilikuwa limeshaanza kulala upande wa milima Ndahani alipotembea nje na taji lake, huku wagonjwa wote waliokuwa barazani wakimfuata kwa macho. Ndani, Daktari Masima aliinamia kioo cha mashine na Chilewa alishika mkono wa mama yake.

"Bado giza," Bibi Mbeleje alisema. "Bado. Bado... Ehe!"

"Unaona nini?"

"Kitu kinawaka! Kinawaka chote!"

"Hiyo ni anga, mama."

"Mwambie asimame! Anageuza shingo kama kuku!" Chilewa akapiga kelele dirishani, Ndahani akasimama. "Sasa ni nyekundu. Ni udongo! Huu ni udongo wetu! Na hivi vijani, vinavyotikisika? Mizabibu! Daktari, mizabibu hii haijapogolewa vizuri!"

Daktari Masima alicheka mpaka akavua miwani yake kuifuta. Kwenye kioo cha mashine, mstari wa kijani ulipanda kidato kwa kidato. Mshipa mchanga ulikuwa unanyonya nuru kwa pupa.

"Mwite ndani," alisema. "Tumwachishe sasa, kabla nuru ya nje haijapungua."

Ndahani aliingia akiwa ameinama, akaongozwa mpaka kwenye kiti kilichokuwa mbele ya kitanda, magoti yake karibu yaguse magoti ya mkwe wake. Chilewa aliifungua bandeji ya jicho la kulia.

"Ndahani, mtazame," Daktari alisema.

Hakuna kilichotokea.

"Naona vidole vya miguu," Bibi Mbeleje alitangaza. "Vina vumbi."

"Mtazame, Ndahani."

Jasho lilimtiririka Ndahani. Alikuwa anajaribu, Chilewa aliona shingo yake ikikakamaa. Lakini macho yake yalibaki sakafuni, kana kwamba yamefungwa kwa kamba ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kujua kwamba ipo. Mstari wa kijani ulianza kushuka. Daktari Masima alimtupia Chilewa jicho la hofu.

"Baba Seche, tafadhali," Chilewa alinong'ona.

"Siwezi. Shingo haitaki."

Mstari ulishuka tena. Bibi Mbeleje aliinua mkono kumnyamazisha bintiye.

"Ndahani," alisema, na safari hii jina halikumkwama. "Mimi nimekutaja kwa kinywa changu mbele ya watu. Nimeshavuka. Usiniache ng'ambo peke yangu."

Ndahani aliinua uso.

Bibi Mbeleje akashtuka. "Kuna bikizee amekaa mbele yangu," alisema. "Ana taji. Amekonda, maskini. Nani amemzeesha hivi?" Kisha akaelewa, akapeleka vidole kwenye shavu lake, akamwona yule bikizee akifanya vivyo hivyo. "Aa. Ni mimi."

"Usimfuate huyo, mama," Chilewa alisema, akijizuia asimtikise. "Tafuta aliye nyuma yake. Yule ambaye hafanyi unachofanya wewe."

Mstari ulitetema. Bibi Mbeleje alikodoa jicho lake la kulia, jicho ambalo kwa muda mrefu lilikuwa wazi bila kazi. Chozi lilitoka pembeni. Hakulifuta.

"Anafifia," alisema. "Yule bikizee anakwenda. Kuna kidevu... kina kovu. Kuna macho. Yanalia."

Daktari Masima aliinua mkono juu ya kitufe, akasubiri, akakibonyeza. Mataji yote mawili yakazimika.

Chilewa akainama karibu na kitanda.

"Mama?"

"Nyamaza, namtazama mtu." Bibi Mbeleje aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili, akimchunguza mkwe wake kama mtu anayechagua kitambaa dukani. "Siku waliponiletea habari za posa, niliuliza kijana mwenyewe ana sura gani. Wazee wote wakajibu kwa pamoja: ana adabu. Nikauliza tena, sura? Wakasema: adabu tele!" Akakishika kidevu cha Ndahani, akakigeuza kwenye mwanga. "Kumbe walikuwa wananificha masikio makubwa hivi!"

Daktari Masima alikohoa kuficha kicheko, akashindwa. Chilewa alikuwa analia waziwazi. Ndahani naye akacheka, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa kifua kizima, na muda wote alipokuwa akicheka alikuwa anamtazama mama mkwe wake usoni.